Sufuria ya Harufu

Kila asubuhi Bibi alikaanga vitunguu ambavyo hakuna mtu angevila. Alivikata vyembamba, akavimimina kwenye mafuta ya moto ndani ya sufuria kubwa iliyowekwa karibu na mlango, pale upepo wa bahari unapoingia na kugeuka. Harufu ikishatoka nje na kuwafikia watembeao ufukweni, aliongeza maji, akafunika, akaketi kwenye kigoda chake na mwiko mkononi. Vitunguu vikilegea na kuisha utamu, mumewe, ambaye wote walimwita Babu Chumvi, alikuja kuvimwaga nyuma, na vingine vikaanza.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Bibi sasa. Sufuria ile ilikuwa ya harufu tu. Chakula chenyewe kilikuja na gari la barafu, kikiwa kigumu kama tofali, kikaingia frizani kwa mlango wa nyuma na kutoka mezani kwa mlango wa mbele. Na juu ya mlango huo wa mbele kulikuwa na ubao: KWA BIBI, CHAKULA FRESHI CHA NYUMBANI. Pembeni ya maneno hayo palichorwa uso wa Bibi, na mtandio wake wa bluu, na mashavu yamejaa kuliko yalivyo.

"Mama yetu, tabasamu kidogo," alisema Meneja akipita na shati lake lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. "Na mwiko uinue. Ukiushusha unaonekana umechoka."

"Nimechoka kweli."

"Basi choka huku unatabasamu."

Meneja alikuwa mtoto wa Mwenye Jengo. Baba mtu alipokuwa hai, mkahawa ulikuwa wa Bibi na kuta tu ndizo zilikuwa zake. Mzee alipofariki, kijana alikuja na funguo na maneno machache. Jengo ni lake. Ubao umepigiliwa misumari kwenye ukuta wake, na kilichopigiliwa kwenye ukuta wake ni chake. Kwa hiyo jina ni lake, uso uliochorwa ni wake, na meko yaliyojengewa ukutani ni yake pia. Bibi na watu wake wangeendelea kukaa katika vyumba viwili vya nyuma, maadamu mama yetu anaonekana mlangoni. Siku asipoonekana, wafungashe.

Ndivyo mwanamke aliyepika supu ya samaki, mayai, maharage na mikate kwa mikono yake mwenyewe miaka yote ile alivyogeuzwa pambo, kama ua la plastiki kwenye chupa.

Hata vitendawili vyake vilichukuliwa. Zamani, kila asubuhi, Bibi aliandika kitendawili kipya kwenye ubao wa chaki, kwa herufi kubwa za darasa la nne. Aliyetegua alikunywa chai bure. Aliyeshindwa alimpa Bibi mji, kama sheria ya vitendawili ilivyo. Fundi Saa, mwanamume mjane wa kibanda cha jirani, alikuwa ameshampa miji mingi hivi kwamba Babu Chumvi akimwona mkewe anakuja alimwondolea kofia na kumwita Mheshimiwa. Meneja aliupenda mchezo huo, akasema unavuta wateja. Akachapisha kitendawili kimoja kwenye plastiki, akakitundika: NYUMBA YANGU HAINA MLANGO. Hata mtoto anayenyonya angejibu ni yai. Chai ya bure ikafutwa.

Asubuhi hiyo Fundi Saa alimaliza nusu ya supu yake, akalisukuma bakuli mbele, akasogea hadi kwenye kigoda.

"Bibi, nikuulize bila kukukosea heshima?"

"Uliza, baba."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Maana supu ya siku hizi, sijui nisemeje. Ni kama saa niliyoifunga vizuri kioo na mkanda, kumbe mashine nimeiacha mezani. Ndani hakuna mtu." Alipunguza sauti. "Uzee si aibu. Mkono ukichoka umechoka. Sema tu tukuelewe."

Bibi alifungua mdomo. Kule kati ya meza, binti yake Mama Pacha alisimama na sinia ya vikombe, akatikisa kichwa mara moja, taratibu. Bibi alifunga mdomo.

"Nitaongeza pilipili manga," alisema.

"Fanya hivyo," alisema Fundi Saa kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Bibi kuliko mafuta ya moto.

Mchana, wateja walipopungua, walikutana chumbani nyuma. Mama Pacha alivua viatu, akatumbukiza miguu kwenye beseni. Mumewe alikuwa ameshajiendea zake na mwanamke mwingine, akamwachia mapacha wawili wa kike na jina.

"Kanisema, eti mkono wangu umechoka," alisema Bibi.

"Akuseme, mama. Mdomo wake hautatutoa humu. Wako utatutoa."

"Mtu kala chakula changu miaka yote, leo ananionea huruma kwa supu ya paketi."

"Mama, nimezunguka kutafuta vyumba, nimezunguka mpaka viatu vimecheka. Vilivyopo ni kule mbali, nyuma ya machimbo ya mawe, na kodi wanataka ya miezi mbele. Watoto watafikaje shule? Na nikitoka hapa nitabeba sinia ya nani? Nakuomba. Kaanga vitunguu vyako, tabasamu, basi. Si unalipwa kukaa?"

"Silipwi kukaa. Nalipwa kudanganya."

Babu Chumvi alikuwa kitandani akinoa kisu chake cha samaki. Kilikuwa kimekaa bila samaki siku nyingi, lakini alikinoa vilevile.

"Wale samaki wa kwenye gari wametembea dunia kuliko mimi," alisema. "Leo nimemkuta mmoja na lebo mgongoni, maandishi siyaelewi. Nikamwamkia kwa heshima. Mgeni ni mgeni."

Mama Pacha alicheka bila kutaka. Baba yake hakucheka. Wauza samaki wa pale chini, waliokuwa wakimwekea mnofu mzuri kabla jua halijachomoza, walikuwa wakimuuliza, Babu, umetususa? Siku hizi akienda kununua sabuni alizungukia njia ya nyuma ili wasimwone.

Siku ya mapumziko watu walijaa. Jana yake umeme ulikuwa umekatika kutwa nzima, na friza ikatoa machozi mpaka uani. Jioni ile Babu Chumvi alikwenda kumwambia Meneja kwamba samaki wamelainika na wameanza kunuka.

"Umeme si umerudi?" aliuliza Meneja.

"Umerudi."

"Basi wagandishe tena."

"Mwanangu, samaki akishaharibika kaharibika."

"Mzee, samaki hana saa. Hajui kama umeme ulikatika. Wagandishe, na kesho ongezeni ndimu."

Siku hiyo ya mapumziko, saa ya chakula cha mchana, mwanamke mshonaji aliingia na binti yake mdogo aliyevaa gauni jipya la mkono wa mama. Waliagiza samaki mmoja, wakagawana, mama akimpa mtoto mnofu na mwenyewe akinyonya kichwa. Hawakuwa wamemaliza vizuri mtoto alipojikunja, akatapika juu ya meza na juu ya gauni.

"Samaki huyu ameoza," alisema mshonaji. Hakupaza sauti, lakini mkahawa mzima ulisikia. Vijiko vikasimama.

Meneja alifika upesi. Akapita katikati ya meza moja kwa moja hadi kwenye kigoda, akamshika Bibi bega, akamwinua na kumleta mbele ya mshonaji kama mtu anayeleta mbuzi aliyekula mahindi ya jirani.

"Tuwie radhi, dada. Huyu ndiye mama yetu, ndiye anayepika. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, hata pua imepungua. Sisi tunaona huruma tu kumwondoa. Mama yetu, mwombe dada msamaha."

Watu wote walimtazama Bibi. Bibi alimtazama binti yake. Mama Pacha alitazama sakafu.

"Nisamehe, mwanangu," alisema Bibi.

"Bibi, kama huwezi tena, si upumzike?" alisema mshonaji. "Kwani lazima? Utaua watoto wa watu."

Hakuna aliyemtetea. Mwanamume mmoja alinong'ona kwamba wazee wengine wana uroho wa pesa, na mwenzake akakubali. Bibi aliomba maji safi, akainama, akamfuta mtoto uso na shingo kwa ncha ya mtandio wake, polepole, mpaka mtoto akaacha kulia. Kisha akarudi kwenye kigoda. Meneja alimwashiria kwa kidole kutoka kaunta. Mwiko. Akauinua.

Jioni mapacha walirudi kutoka dukani bila chumvi waliyotumwa. Walisimama mlangoni wakisukumana, kila mmoja akitaka mwenzake aanze.

"Wanasema bibi yetu anapikia watu samaki waliooza," alisema mmoja.

"Nani kasema?"

"Duka zima," alisema mwingine. "Yule mama wa duka kasema hawauzii chumvi watoto wa mchawi wa samaki. Wakacheka."

Mama Pacha aliweka chini beseni alilokuwa amebeba. Hakusema wapuuzeni.

Bibi alikuwa ameketi na mtandio wake mapajani. Alikuwa ameufua, lakini ncha moja ilikuwa bado na alama ya njano.

"Jina langu nililipika mwenyewe," alisema. "Halikuja kwenye paketi. Kanichukulia meko, nikanyamaza. Kachukua ubao, nikanyamaza. Sasa anataka nife nikiwa nimeacha jina la kutapisha watoto, na hawa wanangu waende nalo shule." Aliwageukia mapacha. "Nani kati yenu ana chaki?"

"Mama," alisema Mama Pacha.

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Kukaa hapa au kutoka hapa, mzigo ni wako kuliko wangu. Ukisema hapana, kesho nakaanga vitunguu, wala hutasikia tena neno kutoka kwangu. Naapa."

Babu Chumvi aliacha kunoa. Mama Pacha aliwatazama watoto wake na ule mkoba wa shule uliowekwa kiraka mara mbili. Kisha akaupigia magoti mkoba huo, akatia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akapekua, akatoa kipande cha chaki kisichozidi kidole. Akampa mama yake.

"Ni kidogo," alisema. "Andika kifupi."

Asubuhi wateja walikuta ubao wa zamani wa chaki umetundikwa juu ya ile plastiki. Herufi zilikuwa kubwa, zimeegemeana:

WOTE MNANISIKIA, HAKUNA ALIYENIONJA. NACHEMKA KUTWA, SIJALISHA MTU.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, sufuria inachemka, mwiko juu. Kwa mara ya kwanza tangu awekwe pale alitabasamu bila kuambiwa, na Meneja alipoingia na kukuta watu wamesimama mbele ya ubao wakibishana, alifurahi mno.

"Mnaona? Mama yetu bado ana akili," aliwaambia wateja. "Haya, jamani. Jibuni."

"Redio," alisema kijana mmoja.

"Redio haichemki," alisema Bibi.

"Ya kwangu inachemka."

"Mke wangu," alisema mzee wa meza ya pembeni. "Anachemka kutwa."

"Yeye anakulisha, mwongo wewe. Tazama tumbo."

"Ahadi za wakati wa kura," alisema Fundi Saa, na watu wakapiga meza kwa vicheko.

"Umekaribia," alisema Bibi. "Umekaribia sana, lakini siyo."

Meneja alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni, kama mwenye harusi. "Niachieni mimi. Bahari. Wote tunaisikia, inachemka kutwa, hakuna anayeionja. Bahari, mama yetu."

"Wewe hujaionja bahari? Pole. Siyo."

"Basi nimeshindwa." Alinyoosha mikono pande zote mbili akiwatazama wateja, aone kama wanacheka. "Nakupa mji. Nakupa mji huu wote."

"Na mkahawa?"

"Na mkahawa."

"Na meko yangu? Na ule ubao wa nje?"

"Vyote, mama yetu, chukua," alisema Meneja, na ukumbi mzima ukacheka naye.

"Mmemsikia," alisema Bibi.

Akasimama. Akashika mfuniko wa sufuria kwa mtandio, akauinua, mvuke ukampiga usoni. Akachota kwa mwiko na kuinua juu, watu wakaona vitunguu vilivyofifia vikichuruzika maji.

"Jibu ni harufu," alisema. "Ile mnayoisikia mkiwa ufukweni, inayowavuta mpaka hapa. Hii ndiyo sufuria yake. Humu hamna nyama, hamna samaki, hamna supu. Sijapika sahani hata moja ya humu ndani tangu alipozikwa mwenye jengo. Nimewekwa hapa nishike mwiko. Babu, walete wapishi."

Babu Chumvi alitoka jikoni amekumbatia boksi la gari la barafu. Akaliweka juu ya meza ya katikati, akalifungua, akamtoa samaki mmoja mwenye lebo, mgumu, akamgonga mezani. Ukasikika mlio wa gogo.

"Mwenzake huyu ndiye aliyemtapisha yule mtoto," alisema. "Umeme ulikatika, nikasema wameharibika. Nikaambiwa samaki hana saa. Fundi, wewe ndiye mtu wa saa, unasemaje?"

Fundi Saa alikuwa analitazama bakuli lake la supu. Kisha akamtazama Bibi, na uso wake ukawa wa mtu aliyemkanyaga mwenzake gizani na sasa taa imewashwa.

"Mama yetu anatania," alisema Meneja. "Ni mchezo. Ni mambo ya vitendawili." Akamsogelea Bibi, akamwambia chini kwa chini, "Keti."

"Nimeketi vya kutosha. Jana umenisimamisha mbele ya watu niombe msamaha wa samaki wako. Leo nimesimama mwenyewe." Akawageukia wateja. "Anayejua anakokaa yule mshonaji amwambie kwamba mwanawe hakulishwa na mimi. Hilo tu ndilo nililotaka. Mkono wangu haujachoka."

Mama Pacha aliweka sinia kwenye kaunta, akafungua aproni, akaikunja vizuri kana kwamba bado ataivaa, akaiweka juu ya sinia.

Wengine walitoka bila kulipa, wakigombana na mlango. Wengine waliendelea kula mayai yao, kwa sababu walikuwa wameshayalipia. Mwanamume mmoja aliuliza kama mayai nayo yametoka kwenye gari, na alipoambiwa ndiyo, akafikiri kidogo, akaomba chumvi.

Kabla adhuhuri haijafika vitu vyao vilikuwa njiani. Magodoro mawili, mabeseni, mkoba wenye viraka, kisu kimefungwa kwenye gazeti, sufuria ndogo ambazo hazikujengewa ukutani. Watu walipita wakitazama. Watu hutazama godoro la mwenzao likiwa nje kama wanavyotazama ajali.

Fundi Saa alikuja na mkokoteni wa kuazima. Hakuomba radhi kwa maneno. Alilikamata godoro na kulipakia.

"Kibanda changu ni kidogo, lakini kina chumba cha nyuma," alimwambia Mama Pacha. "Mtalala katikati ya saa mpaka mpate kwenu. Watoto hawatachelewa shule kabisa. Hawatalala pia, zinagonga zote."

"Tutazizoea, kaka," alisema Mama Pacha. Alikuwa anahesabu kichwani alichobakiza, na hakikuwa kingi.

Meneja alisimama mlangoni, chini ya ubao. Shati lilikuwa limemtoka kiunoni upande mmoja. Nyuma yake sufuria ya harufu ilikuwa imekauka maji na vitunguu vilianza kuungua, na hakuna aliyekwenda kuzima. Yeye mwenyewe hakujua jiko linazimwa wapi.

"Mji nilikupa kwa mchezo," alisema.

"Najua, baba. Na mimi nilicheza."

"Ubao unabaki. Na sura inabaki. Vimepigiliwa."

Bibi alitazama juu, akauona uso wake wenye mashavu makubwa ukiwatabasamia watu wa ufukweni. Ulikuwa hauwezi kushuka. Misumari ilikuwa minne, mirefu, yenye kutu.

"Baki nayo," alisema. "Siku zote hizi nilidhani na mimi nimepigiliwa."

"Huko unakokwenda mtakula nini?"

"Nitakachopika."

"Wewe hujui biashara," alisema Meneja, na sauti ilimpanda. "Unadhani umenifunga? Wateja watasahau. Kesho asubuhi nitaketisha mwingine kwenye kile kigoda, nimvike mtandio wa bluu, nani atajua? Mabibi wako wengi mji huu."

Bibi aliutia mwiko wake kwapani, akashika upande mmoja wa mkokoteni.

"Ni kweli, mwanangu, tuko wengi," alisema. "Tena tunajuana wote."